Upepo, Mafuta na Jina la Jirani

Mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Laela, Ufipa, aliuliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa. Tulikuwa tumemaliza kuwaombea wasafiri, kama tunavyofanya kila Desemba watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko. Binti wa kaka yangu, anayesomea urubani, alikuwa amekaa nasi mkekani, na mzee alikuwa ameshakiona kile kikokotoo anachotembea nacho. "Mwalimu," akaniambia, maana hapa bado wananiita hivyo ingawa nimestaafu, "kama kidude cha huyu mtoto kinajua dakika ya kufika kabla ndege haijawashwa, sisi hapa tunamwomba Mungu kitu gani?"

Mama mmoja akamjibu upesi: mashine ni mashine na Mungu ni Mungu; rubani apige magoti, mengine Mwenyezi atayapanga. Watu wakaitikia amina, tukanywa chai, tukaagana. Mimi sikuitikia. Naona jibu lile lina hatari kuliko swali lenyewe, na mzee anastahili jibu la mtu aliyekaa chini akafikiri.

Nianze na chombo chenyewe, maana wengi wanakisema bila kukijua. Ukubwa wake ni kama kalkuleta ya mwanafunzi, kinatumia betri ndogo, kina kioo na vitufe. Kile cha binti hakipigi simu, hakisikilizi setilaiti, wala hakijui ndege iko wapi. Kazi yake ni hesabu. Unakipa umbali, mwendo, upepo, joto, kimo na kiasi cha mafuta. Kinakupa mwelekeo wa kushika, muda wa kufika, mafuta yatakayotumika, na mahali ambapo ukishapavuka huna tena mafuta ya kurudi ulikotoka. Kabla yake marubani walitumia kisahani cha duara chenye namba ukingoni, kinachozungushwa kwa vidole, na upande wa pili kuna kioo cha kuchorea upepo kwa penseli. Alikibuni Mmarekani Philip Dalton katika miaka ya 1930, na mpaka leo wanafunzi wengi wanaanzia hapo kabla ya kugusa vitufe. Binti alikuja na vyote viwili. Nilipokishika kile kisahani nilifurahi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu namba zake hazikupangwa kwa nafasi sawa: kutoka 10 hadi 20 ni mbali, kutoka 80 hadi 90 ni karibu. Ni logi. Ni zilezile logi nilizofundisha kwa majedwali kwa miaka mingi, watoto wakinung'unika kwamba hazina kazi duniani. Kuzidisha kunageuka kujumlisha, na kujumlisha kunageuka kuzungusha kidole gumba.

Usiku ule, baada ya chakula, tukapanga safari moja mezani kwangu: Sumbawanga hadi Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa mwaka 2012. Marubani wanahesabu kwa maili za baharini, kila moja mita 1,852. Tulipima ramani tukapata maili 114, mwelekeo nyuzi 121, yaani kusini-mashariki. Mstari huo ulionyooka hautupitii sisi Laela. Unapita upande wetu wa kaskazini-mashariki, juu ya bonde la Rukwa, na ndiyo maana tukisikia mngurumo wa ndege huwa hatuioni. Ndege tuliyoichukulia ni ndogo, ya injini moja, mwendo wake hewani maili 120 kwa saa, inakunywa lita 50 kwa saa. Bila upepo ingefika kwa dakika 57.

Lakini Ufipa bila upepo si Ufipa. Mtu aliyepepeta ulezi uwanjani hapa mwezi wa Julai anajua upepo wa mashariki unavyokaza. Binti akaweka upepo unaotoka nyuzi 090, mashariki kamili, nguvu maili 20 kwa saa. Akabonyeza. Kioo kikasema: shika nyuzi 116, si 121, ili upepo ukusukume mpaka kwenye mstari wako, mwendo wako juu ya ardhi utakuwa maili 102, utafika kwa dakika 67, utatumia lita 56. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu ileile kwa saini na kosaini. Ikatoka hivyohivyo, ila mimi ilinichukua chai nzima kupoa.

Hapo nikamwambia, "Sasa mama, geuza. Weka 270."

Upepo unatajwa kwa mahali unakotoka, si kule unakokwenda. Anayesahau hilo, akaandika 270 badala ya 090, amekiambia chombo kwamba upepo unamsukuma mgongoni wakati kwa kweli unamkabili usoni. Binti akaweka 270. Kile kioo hakikusita, hakikuuliza, hakikuwaka taa nyekundu. Kikatoa jibu safi kama lile la kwanza: shika nyuzi 126, mwendo maili 137, dakika 50, lita 42. Tukafuatilia kwenye ramani rubani huyo angekuwa wapi dakika ya 50 anapochungulia chini kutafuta uwanja. Angekuwa amebakiza maili 29 hivi, tena amepotea maili kama 17 kusini mwa mstari wake, juu ya Momba na Mbozi huko, akitazama mashamba ya kahawa na kujiuliza Songwe imehamia wapi. Na kufika uwanjani kungemtaka lita 14 au zaidi ambazo hesabu yake haikuzitaja.

Ninakaa sana hapa kwa sababu jibu la mzee linaanzia hapa. Yeye alisema chombo "kinajua" dakika ya kufika. Hakijui. Kinajua kitu kimoja tu: kama uliyonieleza ni kweli, basi na hili ni kweli. Neno "kama" hilo ni la mtu, si la mashine. Upepo uliotabiriwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ni kama. Mafuta yaliyopimwa kwa kijiti kwenye tangi ni kama. Uzito wa abiria na magunia yao ni kama, na anayewajua abiria wetu na mizigo yao anaelewa ninachosema. Sisi wastaafu wa nchi hii tumelijua jambo hili kwa njia nyingine: mwaka 2018 kanuni mpya ya mafao ilipompa mtu asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, hakuna aliyedai kwamba mashine zimekosea kuhesabu. Ubishi wote ulikuwa juu ya kile watu walichokiweka ndani ya hesabu, na kwa sababu kilikuwa cha watu, kiliweza kuahirishwa, na Desemba ileile kikaahirishwa.

Basi kwa upande wa mzee nasema hivi: dakika ya kufika haijulikani kabla ya safari. Kinachojulikana ni wajibu wa rubani.

Sasa upande wa yule mama, ambao ndio unaonipa hofu.

Uwanja wa Sumbawanga uko karibu futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na joto linaifanya nyepesi zaidi. Katika kimo hicho joto ambalo vitabu vya ndege vinalichukulia kuwa la kawaida ni nyuzi 3 tu. Mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, likifika nyuzi 25, kikokotoo kinasema injini na mabawa vitafanya kazi kana kwamba uwanja uko futi 8,600. Macho ya rubani hayaoni tofauti yoyote. Njia ya kurukia ni ileile, kilima ni kilekile, anga ni jeupe. Lakini injini isiyo na kisaidizi cha hewa imepoteza karibu robo ya nguvu zake, propela inashika hewa haba, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka inapanda kwa uvivu. Mgonjwa mmoja aliyelala kwenye machela pamoja na ndugu zake wawili wanaweza kuwa ndio tofauti kati ya kuvuka miti na kutoivuka. Rubani mwenye namba hiyo mkononi ana mambo matatu ya kufanya: kupunguza mzigo, kupunguza mafuta na kutua njiani kuongeza, au kusubiri alfajiri yenye baridi. Rubani asiye nayo ana sala peke yake.

Je, sala hiyo ni imani? Mimi nasema si imani. Injili inasimulia jinsi Ibilisi alivyomsimamisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajitupe chini, tena akimtolea ahadi za Maandiko kwamba malaika watamdaka. Ahadi zilikuwa za kweli na Bwana alikataa. Mtu anayejaza ndege kupita kiasi saa nane mchana halafu akaomba ulinzi anasimama kinarani palepale, akiwa amewabeba na wenzake. Na Bwana huyohuyo, katika Luka sura ya 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye lazima aketi kwanza apige hesabu kama ana vya kutosha kumaliza. Kuketi na kupiga hesabu kumo ndani ya mafundisho ya ufuasi, na huwa tunapasoma kwa haraka kwenda kwenye msalaba. Jirani yangu mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, alinikumbusha kwamba kwao kuna hadithi iliyopokewa na Tirmidhi juu ya mtu aliyemuuliza Mtume amfunge ngamia au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee. Nilimshukuru. Ni hoja yangu, na yeye aliisema kwa maneno machache kuliko mimi.

Kuna safari moja ambayo kila anayefikiri juu ya jambo hili angepaswa kuijua, na ilimalizikia kwenye pwani ya ndugu zetu wa Ngazidja, huko Komoro. Novemba 23, 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakamwamuru rubani, Leul Abate, awapeleke Australia. Akawaambia mafuta aliyonayo ni ya kufika Nairobi. Hawakuamini. Walikuwa wamesoma katika gazeti la ndani ya ndege kwamba ndege ya aina ile inaweza kukaa angani saa nyingi, na hiyo ikawatosha: ndege inaweza, basi ataweza. Rubani akafuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, akidai, akisihi, akionyesha mishale ya mafuta inayoshuka, mpaka akaelekeza kwa ujanja kwenye visiwa vya Komoro. Injini zikazimika moja baada ya nyingine. Ndege ikaangukia majini karibu na ufukwe, upande wa Mitsamiouli. Kati ya watu 175, 125 walikufa.

Tangu niliposoma habari hiyo sijaweza kuyaona mafuta ya ndege kama jambo la mafundi peke yao. Watekaji wale walikuwa na silaha na vitisho, walikuwa na nia kali kuliko mtu yeyote ndani ya ndege ile, na namba haikuwaogopa. Ilikuwa ileile kwa mtekaji na kwa mtoto aliyepakatwa na mama yake. Mimi kama Mkristo naona utukufu wa Mungu humo, hata katika msiba, kwa sababu Muumba hakuufanya ulimwengu ubadilike kwa amri ya mwenye nguvu. Lita moja ni lita moja kwa waziri na kwa mkulima wa maharage. Anayetaka Mungu aongeze lita kwenye tangi lake kwa sababu amesali zaidi ya wengine anataka, bila kujua, ulimwengu ambao watekaji wale waliudhani upo.

Mtu ataniuliza: basi Mwalimu, sala imebaki na kazi gani? Ina kazi, tena kubwa. Chombo kinampa rubani mahali pa kugeuka. Hakimpi moyo wa kugeuka. Binti anasema jambo wanaloonywa sana darasani ni tamaa ya kufika: hali ya hewa imeharibika mbele, mafuta yanasoma vibaya, lakini uwanja uko karibu, abiria wanasubiri, bosi amepiga simu mara mbili, na rubani anajiambia, nisogee kidogo tu. Namba iko mbele yake kwenye kioo. Anaiona na haitii. Hapo ndipo ninapoombea wasafiri. Namwomba Mungu ampe rubani unyenyekevu wa kuamini hesabu inayomchukiza, na awape abiria uvumilivu wa kutomtukana akiwarudisha walikotoka. Yakobo katika waraka wake, sura ya 4, anawaonya wanaosema leo au kesho tutakwenda mji fulani, tukae huko, tupate faida, nao hawajui ya kesho. Anawataka waseme Bwana akipenda. Watu wanalitumia neno hilo kama kifuniko cha kazi isiyofanyika. Rubani analitumia vizuri zaidi bila kulitamka, kwa mafuta ya akiba. Kanuni za kimataifa za ndege ndogo zinataka, mchana, baada ya mafuta yote ya safari kuhesabiwa, yabaki ya kuruka dakika 30 zaidi. Usiku, dakika 45. Hakuna hesabu inayozidai dakika hizo. Zimewekwa kwa sababu watu waliokokotoa kila kitu walikubali kwamba hawajui kila kitu. Mimi nikiziona kwenye karatasi ya safari naona "Bwana akipenda" imeandikwa kwa lita.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni la kwetu hasa.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga na kuruka katika sentensi moja, hawafikirii rubani. Wanafikiria ungo. Wanauliza habari za radi zinazotumwa, za watu wanaosafiri usiku bila nauli. Sisi tunacheka nao, kisha tukirudi nyumbani hatucheki, kwa sababu tunaijua gharama. Radi inapiga nyumba, ng'ombe wanakufa, mtoto anakufa, na kabla ya maiti kupoa jina limeshatajwa. Mara nyingi ni jina la mwanamke mzee. Mimi ni mjane, nimestaafu, naishi peke yangu, ninapikia kuni na macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi. Ninajua ni watu wa namna gani wanaotajwa.

Kikokotoo kina neno katika jambo hili. Chukueni ile ndege iliyojazwa saa nane mchana pale uwanjani. Tuseme imeshindwa kupanda, imegonga miti. Mahali pasipo na hesabu, maswali yanaanza: nani alikuwa na kinyongo na marehemu, nani alikataa kumpa mkono asubuhi, bibi yupi alionekana karibu na uwanja. Mahali penye hesabu kuna futi 8,600, kuna kilo zilizozidi, kuna saa ya kuondoka ambayo ingeweza kuwa nyingine. Kosa linapata mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kujifunza, kuadhibiwa au kusamehewa. Bibi anabaki jikoni kwake. Na hata radi ina sababu zake: nyanda za juu, dhoruba nzito za masika, nyumba iliyosimama peke yake kilimani, mtu aliyejikinga chini ya mti mrefu.

Lakini nisiwadanganye kwamba hesabu inamaliza kila kitu. Kuna kitabu cha Mwingereza Evans-Pritchard, cha mwaka 1937, juu ya Wazande wa Kongo na Sudan Kusini ya leo. Anaeleza kwamba ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini chake, Wazande wanajua vizuri kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Hawabishani na mchwa. Wanachouliza ni kwa nini liliangukia wale, na kwa nini saa ile. Wafipa wanajua hivyo pia. Ukimwambia mama aliyefiwa kwamba hewa ilikuwa nyepesi, atakubali, halafu atauliza: mbona ndege ya juzi iliruka? Mbona mwanangu alibadilishiwa siku ya safari? Mbona yeye?

Swali hilo halina kitufe. Philip Dalton mwenyewe, aliyewaachia marubani wa dunia nzima kile kisahani, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1941 akimfundisha mwanafunzi kuruka. Ukichunguza utapata sababu ya ndege kuanguka. Hutapata kwa nini yeye, kwa nini siku ile, kwa nini kabla hajaona jinsi kazi yake itakavyotumika katika vita iliyokuwa ikienea. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na Bukoba watu 19 walikufa na 24 wakaokoka, wavuvi wakiwa kati ya wa kwanza kufika. Abiria wa ndege moja walitengana hivyo. Hesabu inaeleza mwendo, kimo, hali ya hewa. Inanyamaza mbele ya viti viwili.

Kwenye ukimya huo binadamu ana njia mbili, na kwa kadiri ninavyoona hakuna ya tatu yenye nguvu kama hizo. Anaweza kulichukua lile "mbona yeye" akaliweka mgongoni mwa jirani, na hapo litapata jibu haraka, lenye jina na nyumba, na usiku litapata na panga. Au anaweza kulipeleka kwa Mungu, ambako halitapata jibu haraka, labda halitapata jibu hapa duniani, lakini litabebwa bila kumuua mtu. Ayubu alilipeleka huko. Marafiki zake walikuwa na majibu yote, wakimtafutia dhambi kwa nguvu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si yeye aliyelia na kuhoji. Mimi nimefiwa, na nimehoji kwa sauti kubwa ndani ya nyumba hii, na sikuona Mungu akichukia.

Hiyo ndiyo sala ninayoitetea. Haifanyi kazi ya kikokotoo, na kikokotoo hakiwezi kufanya kazi yake. Kadiri watoto wetu wanavyojifunza kuhesabu upepo, mafuta, joto na mzigo, ndivyo eneo la kumsingizia jirani linavyopungua, na hilo ni jema, ni kazi ya Mungu inayofanywa kwa vitufe. Kinachobaki baada ya hesabu yote kupigwa kwa uaminifu ndicho cha kupeleka kanisani, msikitini, chini ya mti wa mababu kwa anayeomba huko. Asipeleke kabla. Anayepeleka kabla ya kuhesabu anamtwisha Mungu uvivu wake, na baadaye, mambo yakiharibika, atamtwisha bibi wa jirani.

Kuna vijana watakaosema kwamba hata hicho kilichobaki kitakuja kuhesabiwa, tungoje tu vyombo vipya. Sikubaliani nao, ingawa napenda shauku yao. Chombo kipya kitapima upepo vizuri zaidi kuliko mkono wa binti huyu, na nitashukuru. Hakitamwambia mama kwa nini mwanawe. Hata kikitoa jibu, litakuwa ni jibu la swali jingine.

Binti alirudi chuoni mapema Januari kwa basi, kwa barabara ya lami ya Tunduma. Hapa kwetu, kazi ya kuzifikisha hoja hizi ni ya wale wanaoongoza sala. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa jumuiya zote za Laela, na mashemasi na makatekista wa Ufipa nzima, mambo mawili. Mkiwaombea wasafiri, waombeeni madereva na marubani ujasiri wa kugeuka na kuchelewa, na mtaje jambo hilo waziwazi ili na abiria walisikie. Na ikitokea msiba wa radi, wa ajali, wa mtu aliyezama Rukwa, kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa kumtaja mwenzake, kiongozi asimame aulize yaliyokuwepo: mvua ilikuwaje, chombo kilibeba wangapi, saa ngapi, kwa mwendo gani. Akimaliza hayo, awaongoze watu kulia mbele za Mungu, na amzuie kwa jina la Kristo yeyote atakayetaka kutaja nyumba ya jirani.